Git Inasoma Polepole? Namna ya Kuharakisha Usomaji wa Hazina Kubwa

Kwa wanaotumia Git, programu ya kutunza historia ya mafaili ya mradi, swali hili halikauki: hazina (repository, yaani mradi pamoja na historia yake) imekuwa kubwa, `git status` inasubiriwa sekunde kadhaa, `git log` ya faili moja inaganda, nifanyeje? Jibu la haraka linalotolewa nalo halibadiliki: endesha `git gc --aggressive`, yaani amri ya usafi kwa ukali wake wote. Mara nyingi haisaidii, kwa sababu Git haisomi kwa njia moja. `git status` inasoma faharasa (index, orodha ya mafaili ambayo Git inayafuatilia) na mafaili yaliyo kwenye folda ya kazi. `git log` inasoma komiti, yaani kila hatua ya historia iliyohifadhiwa. `git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, inafungua matoleo mengi ya faili lile lile. Seva inayohudumia anayekloni (anayejinakilia hazina) inalazimika kuhesabu objekti zote za historia. Kila kazi ina dawa yake, na dawa ya `status` haiigusi `blame` hata kidogo. Kwa hiyo kwanza ujue ni usomaji upi unaokukwamisha. Baada ya hapo ni amri chache tu.

Amri zote hapa zinaendeshwa kwenye terminali, ndani ya folda ya hazina. Ukiwa kwenye Windows tumia Git Bash.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Git toleo la 2.37 au jipya zaidi. Hakiki kwa `git --version`. Matoleo ya zamani yanafanya kazi, ila utakosa baadhi ya vipengele vilivyotajwa hapa chini.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski. Git huandika kifurushi kipya chote kabla ya kufuta cha zamani, kwa hiyo acha wazi angalau mara moja na nusu ya ukubwa wa `.git/objects`.
- Nakala ya akiba. Iliyo salama zaidi ni kunakili folda nzima ya `.git` kwenda diski nyingine wakati hakuna amri ya Git inayoendelea. Ukipendelea `git clone --mirror` kwa njia ya folda, ongeza `--no-hardlinks`: bila hiyo, ndani ya diski moja, nakala na asili zinatumia mafaili yale yale, na likiharibika moja yameharibika yote mawili. Kumbuka pia kwamba kukloni hakubebi mabadiliko ambayo hujayakomiti, wala historia yako ya `reflog` (kumbukumbu ya mahali matawi yako yalipowahi kuelekea).
- Uhakika kwamba hazina ni nzima. Endesha `git fsck --full`. Ikitaja objekti zinazokosekana au zilizoharibika, simama hapo hapo na urekebishe hilo kwanza. Mistari ya `dangling` haina shida.
- Kwenye seva, chagua saa ambayo watu hawasukumi kazi.

Nadharia kidogo, isiyozidi hii

Kila kinachohifadhiwa na Git ni objekti. Objekti mpya huandikwa kama faili lake peke yake ndani ya `.git/objects`, kwenye folda inayoitwa kwa herufi mbili za mwanzo za heshi yake. Baadaye objekti hukusanywa kwenye vifurushi, yaani mafaili ya `.pack`, kila kimoja na faharasa yake ya `.idx`. Ndani ya kifurushi, objekti nyingi hazihifadhiwi nzima: huhifadhiwa tofauti tu, yaani delta, dhidi ya objekti nyingine, ambayo nayo huenda ni delta ya nyingine tena. Kusoma objekti moja kwa hiyo kuna gharama tatu: kuitafuta iko kifurushi gani, kuifungua kutoka kwenye mgandamizo wa zlib, na kuijenga upya kwa kufuata mnyororo wa delta.

Hatua ya 1: Pima

Chagua amri inayokukera, uipime ukiwa umeelekeza matokeo pasipoonekana:

```
time git log --oneline -- njia/ya/faili > /dev/null
```

Usiache `/dev/null`. Bila hiyo, matokeo hupitia kwenye programu ya kurasa, ukurasa wa kwanza unatokea upesi, na unadhani kila kitu ni chepesi.

Endesha mara tatu au nne. Mara ya kwanza data inatoka diskini. Zinazofuata inatoka kwenye kache ya mfumo wa uendeshaji. Kama ya kwanza tu ndiyo nzito na zilizobaki ni nyepesi sana, tatizo lako kubwa ni diski, si muundo wa hazina. Ziandike namba zote mbili, kwa sababu utazihitaji kulinganisha.

Kisha uliza Git yenyewe inatumia muda wapi:

```
GIT_TRACE2_PERF=1 git status
```

Kwenye mistari itakayotoka, tafuta `do_read_index` (kusoma faharasa), `preload` au `refresh` (kukagua kila faili kama limebadilika), na `untracked` (kutafuta mafaili mapya). Lililokula muda mwingi ndilo utakalolishughulikia.

Hatua ya 2: Kagua ghala la objekti

```
git count-objects -vH
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
count: 18342
size: 143.50 MiB
in-pack: 912466
packs: 73
size-pack: 1.84 GiB
prune-packable: 2110
garbage: 0
size-garbage: 0 bytes
```

Mistari ya kutazama ni minne. `count` ni objekti ambazo bado hazijafungwa. Git hujisafisha yenyewe zikikaribia 6700, kwa hiyo 18342 maana yake usafi wa kawaida umekwama mahali. `packs` ni idadi ya vifurushi, na kikomo cha kawaida ni 50. Hapa viko 73, na Git ikitafuta objekti huenda ikapekua faharasa za vifurushi kimoja baada ya kingine hadi iipate. `prune-packable` ni objekti zilizo pande zote mbili, ndani ya kifurushi na nje yake, yaani takataka tupu. `garbage` ikizidi sifuri, kuna mafaili yasiyo na kazi ndani ya ghala, mara nyingi mabaki ya `tmp_pack_` kutoka kwenye amri iliyokatizwa. Hayo unaweza kuyafuta kwa mkono ukishahakikisha hakuna Git inayoendelea.

Hatua ya 3: Funga objekti na punguza vifurushi

Kwa hazina ya kawaida, hii inatosha:

```
git gc
```

Kwa hazina ya gigabaiti nyingi, ambapo kufunga upya kila kitu ni kazi ya masaa, tumia ufungaji wa ngazi:

```
git repack -d --geometric=2 --write-midx
```

Amri hii huunganisha vifurushi vidogo tu na kuacha vikubwa vilivyo, ili kila kifurushi kiwe na objekti angalau mara mbili ya kile kinachokifuata kwa udogo. `--write-midx` huandika faharasa moja ya pamoja kwa vifurushi vyote, kwa hiyo Git inatafuta mara moja hata kama vifurushi viko kumi. Inahitaji toleo la 2.34 au jipya zaidi.

Tahadhari mbili hapa, na ya kwanza ndiyo iliyoharibia wengi kazi:

- Kama kuna hazina nyingine inayoazima objekti kutoka kwenye hii (iliyokloniwa kwa `--shared` au `--reference`), usiendeshe `git gc`, `git prune` wala `git repack -a -d` bila kufikiri. Hazina hii haijui kwamba mwenzake anazitegemea objekti ambazo huku zinaonekana hazina mwenyewe, yaani hakuna tawi wala lebo inayozifikia. Zikifutwa, ya pili imevunjika. Anayeazima anajulikana kwa faili la `.git/objects/info/alternates` lililo upande wake, si upande wako, kwa hiyo ni lazima uulize. Kwenye seva ya namna hiyo funga kwa `git repack -a -d -k`, ambayo huzibakiza zote.
- Usikimbilie `--aggressive`. Kinachofanyika ni kupanua dirisha la kutafutia delta (idadi ya objekti zinazolinganishwa kwa mara moja) kutoka 10 hadi 250, kazi inayotafuna prosesa kwa muda mrefu, na faida yake ni kifurushi kidogo zaidi, si lazima chepesi zaidi kusomeka. Kabla ya toleo la 2.11 ilikuwa mbaya zaidi: minyororo iliruhusiwa kufika kina cha 250, na usomaji ukawa mzito kuliko mwanzo. Sasa kikomo ni 50.

Hatua ya 4: Andika grafu ya komiti

Hii ndiyo hatua inayolipa zaidi kwa jasho dogo, hasa kwa `git log`, `git merge-base` na `git branch --contains`:

```
git commit-graph write --reachable --changed-paths
```

Bila faili hili, Git ikitembea kwenye historia inafungua kila komiti na kusoma maandishi yake ili tu kujua mzazi wake ni nani. Faili la grafu linaweka wazazi, tarehe na namba ya kizazi kwenye jedwali lenye safu za upana mmoja. Namba ya kizazi inaiwezesha Git kuacha kutembea mapema: komiti ya kizazi cha chini haiwezi kuwa mtoto wa ile ya kizazi cha juu.

`git gc` huandika grafu, lakini bila `--changed-paths` kama hujawahi kuiomba. Chaguo hili huhifadhi, kwa kila komiti, kichujio cha Bloom kinachojibu swali moja: je, komiti hii iligusa njia hii? Jibu likiwa hapana, ni hapana ya hakika, na Git inairuka komiti bila kulinganisha miti (orodha za mafaili za kila komiti). Jibu likiwa huenda, inakagua kama zamani. Kwa `git log -- njia/ya/faili` kwenye historia ndefu tofauti inaonekana kwa macho. Uandishi wa kwanza unachukua muda kwa sababu Git inalinganisha kila komiti na mzazi wake. Ukishaiomba mara moja, uandishi unaofuata utaendelea nayo wenyewe.

Mipaka yake uijue. Komiti iliyogusa njia zaidi ya 512 haipati kichujio chenye maana. Njia yenye kinyota, mfano `git log -- '*.c'`, haifaidiki na vichujio. Na grafu nzima haitumiki kabisa kwenye hazina iliyokloniwa kwa `--depth` (yenye sehemu tu ya historia), au yenye marejeo ya `git replace` (objekti zilizowekewa mbadala).

Hatua ya 5: Kagua minyororo ya delta

Fanya hatua hii kama kero yako ni `git blame`, `git log -p` au kutafuta maandishi katika matoleo ya zamani. Vinginevyo iruke.

```
git verify-pack -s .git/objects/pack/pack-*.idx
```

Utaona ni objekti ngapi ziko kwenye mnyororo wa urefu 1, 2, 3 na kuendelea. Zikirundikana kwenye urefu unaozidi 50, hazina hiyo ilifungwa zamani kwa mipangilio mikali. Ifunge upya:

```
git repack -a -d -f --depth=50 --window=50
```

`-f` inailazimisha Git kuhesabu delta upya badala ya kurithi zilizopo. Dirisha la 50 ni la wastani: bora kuliko 10, na halikuchoshi kama 250. Ukiwa na diski ya kutosha na usomaji wa historia ndio kazi yako kubwa, shusha `--depth` hadi 20. Kifurushi kitanenepa kidogo.

Kabla ya kufunga upya, jaribu kwanza mpangilio huu usiobadilisha kitu diskini:

```
git config core.deltaBaseCacheLimit 512m
```

Hii ni kache ya misingi ya delta, na kiasi cha kawaida ni 96 MiB. Ikijaa, Git inatupa misingi na kuijenga upya baada ya muda mfupi tu. Kwenye mashine yenye RAM ya kutosha, kuipandisha peke yake huenda kukamaliza tatizo.

Mafaili makubwa ya picha, video na kumbukumbu zilizobanwa tayari hayafaidiki na delta. Yaondoe kwenye hesabu hiyo kupitia `.gitattributes`:

```
*.zip -delta
*.mp4 -delta
```

Kwenye hazina ya seva isiyo na folda ya kazi (bare), weka mistari hiyo ndani ya `info/attributes`. Itaanza kufanya kazi kwenye ufungaji utakaofuata wenye `-f`.

Na mpangilio wa `core.compression` uuache. Unabadilisha zaidi muda wa kuandika kuliko wa kusoma.

Hatua ya 6: Harakisha `git status`

Hapa vifurushi havina hatia. Mzigo ni idadi ya mafaili kwenye folda ya kazi.

1. Kagua kama mfumo wako wa mafaili unafaa, kisha washa kache ya mafaili mapya:

```
git update-index --test-untracked-cache
git config core.untrackedCache true
```

2. Punguza faharasa. Toleo la 4 hubana majina ya njia, na kwenye hazina kubwa faharasa hupungua kwa asilimia 30 hadi 50:

```
git update-index --index-version 4
```

Zana za zamani zinazosoma faharasa bila kupitia Git huenda zisilielewe toleo hili. Jaribu kihariri chako mara moja baada ya hapo.

3. Kwenye Windows na macOS, washa mlinzi wa mabadiliko:

```
git config core.fsmonitor true
```

Kuanzia toleo la 2.37 mlinzi huyo yumo ndani ya Git. Anakaa nyuma akisikiliza mabadiliko, na `git status` inakagua mafaili yaliyoguswa tu. Usishangae `git status` ya kwanza baada ya kumwasha kubaki nzito. Ndipo anapoanza kazi.

4. Pitia `.gitignore`. Ukiandika `build/`, Git haiingii kabisa ndani ya folda hiyo. Ukiandika `build/*`, inaifungua na kupitia kila kilichomo kabla ya kukipuuza.

5. Kama unafanyia kazi sehemu ndogo ya mradi mkubwa, toa folda unazozihitaji tu:

```
git sparse-checkout set --sparse-index folda_a folda_b
```

Bila `--sparse-index`, mafaili yanaondoka kwenye diski lakini faharasa inabaki na kila jina, na muda wa `do_read_index` haupungui.

Hatua ya 7: Fungasha marejeo

Marejeo ni majina yanayoelekeza kwenye komiti, hasa matawi na lebo. Yahesabu kwa `git for-each-ref | wc -l`. Yakiwa maelfu, kila moja likiwa faili lake, endesha:

```
git pack-refs --all
```

Hatua ya 8: Kwa wenye seva pekee

Kukloni kukikaa muda mrefu kwenye hesabu ya objekti kabla data haijaanza kutoka, seva inakosa bitimapu, yaani ramani iliyoandaliwa mapema ya objekti za kila komiti iliyochaguliwa:

```
git repack -a -d -b
```

Litazaliwa faili la `.bitmap` pembeni ya kifurushi. Seva itaujua mkusanyiko wa objekti za komiti fulani kwa kusoma ramani hiyo, badala ya kutembea mti mzima. Hazina za seva zisizo na folda ya kazi (bare) huandika bitimapu zenyewe wakati wa `git gc`, isipokuwa mtu awe amezima. Onyo la mwanzo bado lina nguvu: kama kuna wanaoazima objekti, ongeza `-k`. Na kama kinachochelewa ni data yenyewe kusafiri, bitimapu haitaongeza kasi ya mtandao.

Hatua ya 9: Acha Git ijitunze

```
git maintenance start
```

Amri hii huiandikisha hazina kwenye ratiba ya mashine: kila saa huvuta data kutoka kwenye seva na kusasisha grafu ya komiti, kila siku hufunga objekti mpya na kuunganisha vifurushi vidogo. Huzima usafi wa ghafla unaokukatiza katikati ya kazi. Inatosha kuiendesha mara moja kwa kila hazina. Ukighairi, `git maintenance unregister`.

Sasa rudia kipimo cha hatua ya 1 na ulinganishe namba.

Matatizo ya kawaida

*`fatal: Out of memory, malloc failed` wakati wa kufunga.* Kila uzi wa kazi (thread) unashika dirisha lake la RAM. Wekea kikomo kwa `git config pack.windowMemory 256m` na `git config pack.threads 2`, kisha rudia.

*`gc is already running`.* Hakikisha kwanza kwamba kweli hakuna nyingine inayoendelea. Kama ilikufa katikati, futa `.git/gc.pid`. Kama usafi wa moja kwa moja umeacha kabisa kufanya kazi, fungua `.git/gc.log`: likiwepo na halijapitisha siku moja, usafi huo unakataa kuendelea. Ondoa sababu iliyoandikwa humo, kisha ulifute.

*Hazina imekuwa kubwa zaidi baada ya `git gc`.* Objekti zisizo na mwenyewe zilitolewa kwenye kifurushi zikawa mafaili moja moja zikisubiri wiki mbili zao. Kuanzia toleo la 2.41 huwekwa kwenye kifurushi chao maalumu, na tatizo hilo halitokei. Usikimbilie `git gc --prune=now` kama kuna mtu anafanya kazi humo: inaweza kufuta objekti ya komiti inayoandikwa wakati huo huo.

*Grafu ipo lakini `git log` haijabadilika.* Endesha `git rev-parse --is-shallow-repository`. Jibu likiwa `true`, vuta historia yote kwa `git fetch --unshallow` na uandike grafu upya. Kisha angalia `git replace -l`.

*`git blame` inakwama, na taa ya mtandao inawaka.* Hazina ilikloniwa kwa `--filter=blob:none`, kwa hiyo kila toleo la zamani la faili linaombwa kutoka kwenye seva wakati linapohitajika. Mnyororo wa delta hauna kosa. Kama unatumia `blame` sana, kloni upya bila kichujio hicho.

*`Incremental repacks are incompatible with bitmap indexes`.* Umetumia `-b` bila `-a`. Bitimapu ya kifurushi kimoja inataka objekti zote ziwe humo. Tumia `git repack -a -d -b`, au kama hazina ni kubwa mno, `git repack -d --geometric=2 --write-midx -b`.

*Mlinzi wa mabadiliko hakubali kuwaka.* Hazina iko kwenye folda ya mtandao, na kwa kawaida mlinzi hukataa huko. Upo mpangilio wa `fsmonitor.allowRemote`, lakini kuhamishia hazina kwenye diski ya ndani kutakupa kasi zaidi.

*Amri ya kwanza baada ya kuwasha mashine ni nzito, zinazofuata ni nyepesi.* Hiyo ni kache tupu ya mfumo. Kama uzito haupungui hata kwenye marudio, na uko Windows, pima tena baada ya kuiambia programu ya kuzuia virusi iiruke folda ya hazina. Nyingi hufungua na kukagua kila faili Git inaloligusa.